Wanafunzi walimchagua kiranja wa chakula, ofisi ikamwondoa. Alhamisi naingia darasani na nini?

Mwalimu wa 3B aliuliza:

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi.

Nafundisha Uraia na Kiswahili kwenye sekondari ya kata, ya kutwa, mkoani Morogoro. Huu ni mwaka wangu wa tisa. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumatatu, na Alhamisi nina vipindi viwili mfululizo Kidato cha Tatu B, kwa hiyo naomba ushauri wa mtu ambaye limewahi kumfika.

Niwaeleze kwanza darasa lenyewe. Uraia tunaufundisha kwa Kiingereza, na wao wanaukariri kwa Kiingereza. Ukiuliza utawala bora ni nini, mikono inajaa juu, na majibu yote ni yaleyale neno kwa neno. Uliza kwa Kiswahili, kwamba mwenyekiti wa kitongoji chenu akila hela ya kisima mnamfanyaje, wanaangaliana. Ndiyo maana tangu mwaka jana nimejitahidi kila mada iwe na kitu cha kushika mkononi.

Mada ya kodi niliwaomba wanakili ujumbe wa LUKU, ule unaokuja ukinunua umeme, kutoka simu za nyumbani. Mmoja akaja na wa shilingi 5,000. Tukauandika ubaoni wote: umeme wenyewe 4,098.36, VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 ni 737.70, REA (Wakala wa Nishati Vijijini) asilimia 3 ni 122.95, EWURA (mamlaka inayodhibiti nishati na maji) asilimia 1 ni 40.98. Darasa likanyamaza. Walikuwa wanaamini kodi ni mambo ya wenye maduka. Kijana mmoja ambaye huwa hasemi akauliza, "Kwa hiyo nikienda kumnunulia bibi umeme tunakuwa tumelipa kodi?" Nikamwambia mmelipa. Akauliza tena hiyo ya REA inakwenda wapi, tukaanza kuzungumzia nguzo zilizofika kitongojini kwao mpaka kengele ikalia. Wengine walileta ujumbe wenye kodi ya jengo, ile iliyoanza kukatwa humohumo kwenye LUKU mwaka 2021, wakabishana nani anapaswa kuibeba, mpangaji au mwenye nyumba. Sijawahi kupata kipindi kama kile.

Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 niliwatuma wakaulize nyumbani mwenyekiti wa kitongoji chao ni nani. Bibi zao ndio waliojua, kuliko hata baba zao.

Sasa jambo lenyewe. Shuleni kwetu watoto wanakula makande mchana. Wazazi walikubaliana wenyewe kwenye kikao: kila mtoto debe moja la mahindi na kilo nne za maharage kwa muhula, na hela kidogo ya mpishi na kuni. Kuna kiranja wa chakula, ambaye husimama mlangoni mwa stoo mpishi anapopimiwa. Miaka yote huteuliwa na ofisi kama viranja wengine. Mwaka huu nilimwomba mkuu wa shule nafasi hiyo moja tu tuipigie kura, liwe zoezi la somo. Akakubali, kwa mdomo.

Tulifanya kwa heshima zote. Boksi la chaki tukalitoboa juu, karatasi za kura zikakatwa kwa rula, Kidato cha Nne wakasimamia, wagombea watatu wakapewa dakika tano tano mstarini. Aliyeshinda ni binti wa 3B, kura 212 kati ya 371. Hakuahidi nyama. Aliahidi jambo moja: kila Ijumaa atabandika karatasi ya mahindi yaliyotoka stoo wiki hiyo.

Na akabandika. Karatasi ya daftari, wino wa bluu, Jumatatu ndoo ngapi, Jumanne ndoo ngapi, chini jumla. Wiki ya tatu akaongeza hesabu moja: yaliyoingia madebe 338, yaliyopikwa ndoo 68, yaliyobaki magunia 46 ambayo aliyahesabu kwa debe tano tano. Tofauti, madebe 40. Hakuandika neno jingine wala hakumtaja mtu.

Jumatatu mstarini ikatangazwa kwamba kiranja wa chakula amebadilishwa kwa sababu za kiutawala, likasomwa jina la mwingine. Nilipopita ubao wa matangazo saa nne karatasi ilikuwa imebanduliwa. Zimebaki pembe zake nne, zimeganda na gundi.

Kipindi cha siku ile nilimkuta binti amehama dawati la mbele, amekaa nyuma kabisa karibu na dirisha lisilo na kioo. Nikaanza kuandika tarehe ubaoni. Nyuma yangu mvulana mmoja akauliza, taratibu tu, bila dharau: "Mwalimu, kumbe ule uchaguzi ulikuwa wa mazoezi?"

Sikuwa na jibu. Niliwapa kazi ya kunakili, na naona aibu mpaka sasa.

Simtuhumu mtu wizi. Sijui yaliyomo stoo. Mimi ni mtumishi, nina wakubwa zangu, na nina watoto nyumbani. Lakini siwezi kusimama Alhamisi nikaandika tena maana ya uwajibikaji mbele ya wale watoto kana kwamba hakuna kilichotokea. Mngefanyaje?

---

Mzee wa Chaki alijibu:

Marahaba mwanangu, pole.

Nilianza kushika chaki mwaka 1979, na somo lako enzi hizo lilikuwa Siasa. Vyama vingi vilipoingia mwaka 1992 Siasa ikaondoka na baadaye tukapewa Uraia. Tulibadilishiwa vitabu, ila hilo la kufundisha jambo moja darasani na watoto kuona jingine mstarini nimelikuta pande zote mbili.

Nikusimulie la shamba. Shule yetu ilikuwa na ekari sita za maharage. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao, wajue limeingiza nini na limetumia nini. Kwetu walishiriki jembe tu. Maharage yakishauzwa hakuna aliyewaambia kitu. Mwaka mmoja wakagoma kupalilia, wakachapwa, wakapalilia. Nilikuwa mwalimu wa zamu na nilichapa na mimi. Mwaka uliofuata nilimwomba mkuu wa shule kitu kidogo sana: kibao ukutani mwa stoo, kiandikwe magunia yaliyovunwa, bei iliyouziwa, na hela imenunua nini. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimwambia, "Mkuu, watu wanasema vibaya juu yako na hujala kitu, kibao kitakutetea." Akakubali siku ileile. Tukanunua mipira miwili na madumu ya mafuta ya taa, kila kitu kikaandikwa, na mgomo hatukuusikia tena mpaka nahama.

Kwa hiyo nenda kwa mkuu wako kwa mlango huo. Karatasi ya binti inamlinda yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

La pili, angalia vipimo kabla hujasema lolote. Debe la kupokelea na ndoo ya kupikia ni vitu viwili. Mzazi analeta debe lililofutwa kwa ubao, mpishi anachota ndoo yenye kichwa. Na gunia linategemea mkono wa aliyelishindilia. Mimi nimeona stoo "ikiibiwa" na vipimo.

La tatu ndilo zito. Usimtumie huyo binti kama fimbo yako. Umri wake unaujua. Alhamisi usimsimamishe atoe ushahidi.

---

Makamu Mkuu alijibu:

Mwalimu, mimi ni makamu mkuu wa shule, mkoa mwingine, na nitaongea upande ambao humu huwa hausikilizwi.

Stoo ikipungua gunia, anayeandikiwa barua ya kujieleza ni mkuu wa shule. Mtoto wa miaka kumi na sita haandikiwi barua. Sasa mtoto huyo anabandika hadharani kwamba mahindi hayafiki, wazazi wanapita pale, wananchi wanapiga picha na simu, na jioni ipo kwenye makundi ya kata nzima. Mkuu analiona jambo hilo ukutani sawa na mgeni yeyote. Ungekuwa wewe ungefurahi?

Sisemi walifanya vizuri. Kutangaza mstarini "sababu za kiutawala" bila kusema sababu ni kosa, na watoto wataikumbuka hiyo miaka ishirini. Lakini jiulize na wewe: kabla ya kura, uliandika mahali popote kazi ya kiranja huyu ni ipi? Anamwonyesha nani hesabu kabla ya kubandika? Akikuta tofauti anaanzia wapi? Nani anaweza kumwondoa, na kwa kosa gani? Ulipiga kura kabla ya kuandika katiba. Ulimpa mtoto kazi ya mkaguzi bila kumpa kinga ya mkaguzi, na alipopata shida ulikuwa darasani unaandika tarehe.

Nakwambia hivi kwa sababu naona una nia. Shuleni kwangu tuna mchujo: walimu wanapitisha majina, sifa zimebandikwa wiki mbili kabla, halafu wanafunzi wanapiga kura kati ya waliopita. Baada ya hapo ofisi haigusi matokeo. Wapo wanaosema mchujo si demokrasia. Lakini ni utaratibu unaojulikana mapema, na mtoto anayekatwa anajua amekatwa kwa kigezo gani.

Nenda kaonane na mkuu wako leo, peke yako, mlango umefungwa. Usiende na walimu wengine.

---

Mwalimu wa 3B alijibu:

Makamu, nimesoma maneno yako mara tatu. Ya kwanza nilikasirika. Ni kweli, sikuandika chochote. Nilijali boksi na karatasi za kura, nikadhani uchaguzi ndio hivyo vitu. Mzee, asante kwa la debe, sikulifikiria kabisa. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni kwa mkuu kabla ya paredi.

---

Mtendaji wa Kijiji alijibu:

Mwalimu, mimi si wa elimu, ni Mtendaji wa Kijiji huku Kanda ya Ziwa, lakini hili linanihusu kila siku.

Wapi wazazi walikubaliana hilo debe? Kama ni kwenye kikao chenye muhtasari, basi utaratibu wako unaanzia pale. Ada sekondari za serikali iliondolewa mwaka 2016 mpaka Kidato cha Nne. Chakula cha kutwa ni makubaliano ya wazazi, maana yake mahindi yale wameyatoa kwa hiari yao na wana haki ya kusomewa yameishia wapi. Binti alifanya mapema kile ambacho kikao kingepaswa kukidai mwisho wa muhula.

Na ukitaka watoto waone jambo hili kwa watu wazima, waombee nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria unafanyika kila baada ya miezi mitatu, na wajumbe wake ni wakazi wote wa kijiji wenye miaka 18 na zaidi. Walio chini ya hapo hawapigi kura, lakini hakuna anayewazuia kukaa kwenye nyasi wakasikiliza. Hapo ndipo mapato na matumizi ya kijiji yanasomwa. Mwaka juzi mwalimu mmoja alinileta darasa la watoto arobaini. Nilisoma taarifa, nikataja jumla, tukaendelea na ajenda ya mnada wa ng'ombe. Kabla ya kufunga, mwenyekiti akapewa kikaratasi kilichopitishwa kutoka nyuma. Kasichana ka Kidato cha Pili kalikuwa kanajumlisha kwenye daftari nikisoma, kakaona jumla yangu imezidi kwa shilingi 30,000. Nilirudia hesabu mbele ya mkutano kwa kikokotoo cha simu. Kalikuwa sahihi, nilikuwa nimeandika malipo ya fundi mara mbili. Nikaomba radhi na ikaandikwa kwenye muhtasari. Tangu siku ile taarifa yangu naipitisha kwa watu wawili kabla ya kuisoma, na wananchi wananiamini zaidi kuliko zamani.

Jambo jingine, naomba sana mlifundishe: watoto wote wakija ofisini wananiita mwenyekiti. Mwenyekiti wa Kijiji amechaguliwa na wananchi. Mimi nimeajiriwa na halmashauri ya wilaya. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25 na mimi ndani yake ni katibu tu. Asiyejua tofauti hiyo anakuja kunilalamikia jambo ambalo si langu kuamua, na lile ambalo ni langu halisemi. Na lile la kujiandikisha la Oktoba 2024, watu wazima na akili zao walikuja siku ya kura mwezi uliofuata na kitambulisho cha mpiga kura, hawakujiandikisha kwenye orodha yetu ya wakazi, wakarudi nyumbani wanalia. Daftari la uchaguzi mkuu ni jingine na orodha ya serikali za mitaa ni nyingine. Kidato cha Nne anayejua hilo anaweza kuwaokoa watu kumi kwao.

---

Mwalimu wa Skuli, Pemba alijibu:

Assalaam aleikum. Mwalimu mwenzangu, sisi huku tuna tabu yetu nyengine. Vitabu vingi tunavyopata vimeandikwa kwa mambo ya bara, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, kitongoji. Mtoto wa Pemba akitoka skuli anamkuta sheha, kiongozi wa shehia yake. Mwaka jana kijana kaniuliza, "Mwalimu, sheha tunampigia kura lini?" Kitabuni hakuna jibu. Nikamwambia kweli: sheha hapigiwi kura, anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, na ana baraza lake la ushauri la shehia. Akasema, basi kama hatumchagui, tukitaka kumwambia jambo tunapitia wapi?

Swali hilo lilinipa kazi ya muhula mzima. Tulikwenda kwa sheha, watoto kumi na wawili, na suala moja tu, mfereji, bomba la maji kwenu, uliokauka karibu na skuli. Alitupokea vizuri, akatuonesha buku lake, barua aliyoiandika ya kwanza, ya pili. Watoto wakaona kuwa anayewaongoza naye ana wakubwa anaowaandikia na kusubiri. Halafu wakajifunza kwamba Mwakilishi wao wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar wanamchagua na Mbunge wao wa Muungano wanamchagua, na mambo ya maji kwetu si ya Muungano, kwa hivyo ni nani wa kuulizwa. Nilikuwa nimelifundisha hilo la mambo ya Muungano miaka sita kwa orodha na hakuna aliyewahi kulifahamu.

Ninachokusudia: na wewe usiogope kuwaambia kuwa kuna vyeo vya kuchaguliwa na kuna vya kuteuliwa. Mkuu wa Wilaya hakuchaguliwa na mtu, anateuliwa na Rais. Kosa si kuteua. Kosa ni kuwaambia watoto chagueni, kisha ukateua.

---

Mwalimu Kilifi alijibu:

Dada, salamu kutoka pwani ya Kenya. Hiyo ya LUKU nimeichukua, asante.

Kwetu iliyofanya kazi ni mkate. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipopendekeza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, wanafunzi wangu walikuja darasani wanaijua bei ya mkate kuliko mimi. Nikawaambia basi tusome mswada wenyewe, kurasa mbili kila siku, hakuna kutukana mtu, na kila anayesema jambo aonyeshe kifungu. Pendekezo la mkate likaondolewa, na mwisho wa Juni mswada mzima ukaondolewa baada ya yale maandamano. Nilikuwa na watoto walioomboleza jamaa zao mwezi ule, kwa hiyo sitalizungumza kwa wepesi. Lakini nakuambia, mtoto aliyezoea kusema "kifungu gani?" huwezi kumdanganya kirahisi, na yeye mwenyewe hadanganyi wenzake.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa. Mimi huwapeleka kwenye vikao vya bajeti ya kaunti pale kwenye wadi. Mara nyingi viti ni vitupu na wanakaribishwa kwa furaha.

Swali langu: karatasi ya binti imekwenda wapi? Kama mtu aliibandua, ombeni nakala. Alikuwa na daftari.

---

Mwalimu wa 3B alijibu, wiki mbili baadaye:

Nimechelewa kurudi, naomba radhi. Nitaeleza yalivyokuwa.

Kwa mkuu nilikwenda peke yangu. Nilitanguliza kosa langu, kwamba niliendesha uchaguzi bila kuandika mipaka ya kazi ya kiranja, na kwamba hesabu ile ilipaswa kuanzia mezani kwake. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akaniambia kitu ambacho sikukijua: alipigiwa simu mbili usiku wa Jumapili kuulizwa mahindi yako wapi, na picha ya karatasi alitumiwa na mtu wa kata nyingine. Alikuwa hajaiona kwa macho yake. Nikamwambia maneno ya Mzee, kwamba karatasi itamtetea. Nikaomba jambo moja, tupime upya kwa kilo, kamati ya chakula ya wazazi ikiwepo. Alisema atafikiri. Jumatano jioni akanitumia ujumbe: "Jumamosi saa tatu, tafuta mizani."

Alhamisi nikaingia 3B. Niliwaambia kwa Kiswahili, na kipindi kizima kikabaki kwa Kiswahili. Nilisema uchaguzi wenu haukuwa wa mazoezi. Mlichagua kweli, na mliyemchagua ameondolewa kweli, na mimi niliyewapeleka kwenye kura sikuandika nani anaweza kumwondoa kiranja na kwa utaratibu gani. Halafu nikafuta ubao nikaandika: "Nani anaweza kumwondoa?" Nikakaa.

Walibishana vipindi vyote viwili. Upande mmoja ukasema aliyechagua ndiye wa kuondoa, basi. Upande mwingine ukasema kiranja akikutwa anauza mahindi huwezi kusubiri watoto 371 wapange mstari. Mmoja akakumbusha kwamba Mkuu wa Wilaya anaondolewa na aliyemteua, diwani je? Nikawaambia katafuteni. Sikumwita binti, Mzee, nilikumbuka. Alinyosha mkono mwenyewe kutoka kule dirishani, kengele ikikaribia. Akasema, "Mimi hata wakinitoa nitakubali. Lakini waandike sababu, waisaini, na karatasi ikae ubaoni wiki nzima kama nilivyoweka yangu." Akakaa. Tuliandika kanuni za kiranja kutokana na mabishano yale, na hiyo ikawa ya tano. Zote ni sita.

Jumamosi tulipima. Mizani ya kuning'iniza tuliazima kwa mnunuzi wa mazao, ikafungwa kwenye boriti ya stoo, wazazi wanne, mkuu, mpishi, kiranja mpya, na binti ambaye mmoja wa wazazi aliomba aitwe na daftari lake. Debe la wazazi lililofutwa ni kilo 18. Ndoo ya mpishi yenye kichwa ni kilo 20. Magunia yale ya debe tano tano yalikuwa yameshindiliwa, wastani kilo 100 kila moja. Tulipoirudia hesabu yake ya siku ile kwa kilo, yaliyoingia 6,084, yaliyopikwa 1,360, yaliyobaki 4,600. Madebe 40 yakashuka hadi kilo 124. Mpishi alikaa chini kwenye gunia tupu akaanza kulia. Hakuna aliyemtaja popote, lakini wiki nzima alikuwa akisalimia watu hawaitikii.

Kilo 124 bado hazina maelezo. Dumuzi wapo, tulichekecha na kuwaona, na mahindi yaliingia mabichi kidogo yakakauka. Mzazi mmoja akataka tuandike "upotevu wa kawaida". Binti akasema hatujui kama ni wa kawaida, tuandike "haijaelezwa". Mkuu akamwangalia, akachukua kalamu, akaandika haijaelezwa.

Mwalimu Kilifi, karatasi ya zamani haikupatikana. Mpya iko ubaoni sasa, kwa kilo, inapita mezani kwa mkuu Alhamisi na inabandikwa Ijumaa. Kanuni nne mkuu amezikubali, moja ameikata, na ile ya tano amesema inakwenda bodi ya shule, si yake peke yake kuamua. Kura za muhula ujao zipo. Binti hakurudishwa, na nilipomuuliza kama angependa nimwombee alisema hapana. Ila kiranja mpya, kijana wa Kidato cha Pili, hesabu za kilo zilimshinda akamfuata yeye amfundishe. Ijumaa iliyopita niliona saini zao mbili chini ya karatasi, ya kijana na ya binti, na ya mpishi ya dole gumba.

Binti amerudi dawati la mbele, ingawa nadhani sababu ni mvua, kule dirishani kunalowa.

Mtendaji, nimezungumza na mwenyekiti wa kijiji chetu, mkutano mkuu ni mwezi ujao na ameniruhusu nije na 3B. Na sasa naomba msaada mwingine: mwenye mfano wa fomu ya kutolea chakula stoo, yenye nafasi ya uzito na saini tatu, aniwekee hapa. Hii tunayotumia tumeichora kwa rula na kila wiki mistari inapinda.